Kisu cha Msiba wa Mama

Mama alikufa akiwa amenisahau siku nyingi, lakini vidole vyake vilisuka mkeka mpaka mwisho. Ugonjwa wake, Alzeima, ulimla polepole. Leo jina la jirani, baadaye langu, na hakuna siku ninayoweza kusema hapa ndipo tulipompoteza.

Ugonjwa wa baba ni mwingine. Daktari wa mjini Apia alinieleza kwamba mishipa midogo ya damu kichwani mwake inaziba, na kila ikiziba anashuka ngazi moja kwa mkupuo. Katikati anatulia, sisi tunatamba kuwa kapona, kisha anaamka kashuka tena.

"Majina anaweza kubaki nayo," daktari alisema. "Kitakachomshinda ni kupanga: kipi kwanza, kipi kifuate."

Nikaomba dawa ya kumpandisha. Akanipa ya presha, ya kumzuia asishuke haraka. Nilimchukia yule mtu njia nzima ya feri, mpaka kisiwani kwetu Savai'i.

Asubuhi ya mazishi ya mama nilimkuta baba kitandani anageuzageuza shati. Jana yake alivaa mwenyewe. Nikaenda kwa dada yake, Malaea, jikoni.

"Shangazi, leo kisu apewe mwingine."

Kijijini kwetu baba ndiye hukata nguruwe wa shughuli. Kila kipande kina mwenyewe, na ukikosea umetukana ukoo mzima.

"Umpokonye kisu kwenye msiba wa mkewe?" Malaea alisema. "Si bora umvue nguo kabisa?"

"Shati limemshinda."

"Mfiwa gani anajua kuvaa? Kaka, njoo. Mgongo wa nani?"

"Wa chifu mkuu," baba alijibu kutoka mlangoni.

"Mguu?"

"Wa msemaji wake. Kichwa cha vijana."

"Umesikia, Sieni? Marehemu asingejua hata nguruwe ni mdudu gani. Huyu mzima. Wewe shule imekuharibu."

"Kukumbuka siyo tatizo lake, shangazi."

"Basi hana tatizo."

Na kisu angepewa nani? Kaka yangu Iosefo, anayeishi Auckland, kuku hununua aliyekatwa tayari. Wanaume wengine wa ukoo baba hakuwafundisha, alisema bado yupo.

Basi wakamweka baba mbele ya nguruwe, juu ya majani ya mnazi, machifu wamekaa kila mmoja kwenye nguzo yake ya nyumba ya shughuli. Akaweka kisu shingoni mwa nguruwe. Akakiinua. Akakiweka pajani, akakiinua tena. Msemaji akakohoa. Machifu wakainamisha macho kwenye mikeka kwa heshima, na heshima ile iliniuma kuliko kicheko.

Niliinama nikapita hadi kwake.

"Baba."

"Najua kila kipande cha nani," alininong'oneza. Jasho lilikuwa linamtoka. "Wote nawajua. Niambie tu naanzia wapi, mwanangu."

Nyuma yetu Malaea alikuwa anamwambia jirani, "Muache, anakumbuka kila kitu. Ni uchungu tu."

Mimi kukata sikufundishwa. Kwetu wasichana hawafundishwi. Nilimshika mkono wenye kisu. Baba alinitazama, akingoja nimwambie kipi kwanza.