Supu ya Wasio na Adabu

Supu yenyewe ukiinama unaona maua yaliyochorwa ndani, kwenye kitako cha bakuli. Nilimwambia Lynette, mke wa ndugu yangu Ogoti, kwamba kwetu Gesima maji ya namna hiyo tunaoshea vyombo. Akacheka. Binti huyo wa ziwani hujibu kila kitu kwa kucheka.

Lakini Jumapili hiyo ya supu hapakuwa na cha kuchekesha. Tata, baba yetu mzee Alfayo, alipatwa na kiharusi mwaka huu, mdomo ukaenda upande. Asubuhi moja uji ulimtiririka kifuani mbele ya Lynette. Baba mkwe, mbele ya mke wa mwanawe! Kwetu hiyo ni aibu ya kwenda nayo kaburini. Tangu hapo ukimpa chakula anasema ameshiba. Mimi kifungua mimba wake nikatoka kwangu Birongo kuja kumtunza. Nilimpelekea sahani chumbani, nikamfungia mlango ale bila kuonekana. Sahani ilirudi vilevile. Daktari akasema asipokula kufikia Jumatatu atawekewa mpira puani. Tata akasema afadhali tumchimbie shimo kule migombani.

Na hapo ndipo Lynette, bibi mpishi, akatuletea mapishi ya Japani. Aliwahi kufanya kazi jikoni mwa hoteli ya Wajapani huko Nairobi, basi hatupumui. Aliloweka omena, wale dagaa wa kwao ziwani, tena bila vichwa, pamoja na jani jeusi la baharini, gumu kama soli ya kiatu cha akala.

"Hilo jani kitabu cha Walawi kinaliruhusu?" nikauliza.

"Ni mboga tu, dada."

Akabandika sufuria. Maji yalipokaribia kuchemka, akazima gesi! Eti yakitokota yatakuwa machungu. Kisha akachuja, samaki akampa paka, sisi akatubakizia maji. Nikamuuliza kama paka ndiye mgonjwa. Akatia tangawizi na sosi nyeusi ya soya, akamwagia tambi alizochemsha kando, akanyunyiza majani ya kitunguu. Hakuna mafuta, hakuna nyama, na ugali hakuusonga. Mtu wa kufa njaa unampa hiyo?

Niliyameza hayo. Lakini alipomshika Tata mkono na kumketisha mezani, katikati yetu sote, damu ilinichemka.

"Unataka kumwaibisha tena? Mzee huyu ana heshima yake!"

"Keti, dada," akasema, na safari hii hakucheka. Akamgeukia Tata. "Baba, wenye hii supu wanakula kwa kelele. Ukiivuta kimyakimya, mpishi anajua umemdharau."

Akainamia bakuli lake, akavuta tambi fyuuu, kama ng'ombe mtoni. Moja ikampiga kidevuni, mchuzi ukamtiririka hadi kwenye gauni lake jeupe la kanisani. Hakujifuta. Ogoti, mwalimu mzima wa sekondari, naye akavuta. Nikatamani ardhi inimeze. Nani aliwalea watu hawa?

Tata aliutazama ule mchuzi kwenye gauni kwa muda mrefu. Kisha akakiinua kijiko kwa mkono wake mzima, akavuta. Nusu iliingia, nusu ikamwagika kifuani, na kelele yake ikapotelea katika kelele zao. Hakuna aliyegeuka. Akavuta tena.

"Hii ni supu ya watu wasio na adabu," alisema, ulimi ukiwa mzito, na akasukuma bakuli aongezwe.

Nilikaa wima, mikono mapajani, adabu zangu zote zikiwa nami. Nilifikiria ule mlango niliokuwa nikimfungia, na zile sahani. Nikaona aibu, na aibu hiyo haikuwa ya Tata.

Bakuli lake la pili lilikuwa limefika nusu aliponitazama.

"Nyamoita," akasema, "wewe unamdharau mpishi?"

Nikainama, nikavuta kwa nguvu hadi paka akakimbia. Mchuzi uliilowesha blauzi yangu yote, nami sikujifuta.