Roboti na Vidole vya Ndolo

Jumanne, tarehe nne Machi, mashine ya vitambulisho ilimkataa Ndolo. Kukata matairi ya kushonea viatu vya akala huko soko la Kariokor kulikuwa kumekula alama zote za vidole vyake.

"Mzee, mashine haikujui," karani akasema.

Wakubwa hao wa serikali! Mkewe walimwacha afe kwenye foleni ya hospitali, sasa yeye naye wamemfanya mzimu.

Jioni, jirani yake Waruguru alimwita watazame kile kipindi cha runinga cha safari za angani alichokipenda marehemu mkewe, Mama Ndinda. Roboti aliyeambiwa si mtu alikuwa akimfunika mgonjwa blanketi.

"Huyo ni mtu kabisa," Waruguru akasema. "Ni wewe ulivyomuuguza Mama Ndinda." Akamsogezea sahani. "Haya, kula, Baba Ndinda."

Ndolo akashusha pumzi, kifua kikawa chepesi.

"Na hao wakubwa," akauliza, "utu wao hupimwa na mashine gani?"