Mlango wa Bwana Pruitt

Mwaka 1918, mjini kwetu Iowa, Marekani ikipigana na Ujerumani, kabichi chachu ya Kijerumani ilipewa jina jipya, kabichi ya uhuru, ikaendelea kunuka vilevile. Baba yangu, Gottlieb Ansorge, mwoka mikate, alikuwa Mmarekani wa miaka mingi. Ghafla akawa Mjerumani tena, bila hata kupanda meli. Kaka yangu Emil alikuwa Ufaransa, kavaa sare ya Marekani, Wajerumani wanammiminia risasi. Wapi! Halikusaidia.

Jumamosi tukakuta mlango wa duka umepakwa rangi ya njano, yaani humu anaishi msaliti. Aliyepakwa sharti apige magoti uwanjani, aibusu bendera watu wakimtazama.

"Bwana Pruitt, mwanangu yuko vitani," Baba alimwambia mwenyekiti wa kamati ya uzalendo, muuza mbegu aliyenenepa kwa mikate yetu.

"Rangi haikosei mlango, Gottlieb," Pruitt akacheka. "Ungekuwa safi, nani angekupaka?"

Baba akapiga magoti. Kofia ikamdondoka, Pruitt akaikanyaga. Watu wakashangilia. Mimi sikulia. Nilikuwa nakikariri kile kiatu.

Mashujaa wetu walikuwa wamesahau kopo lao nyuma ya duka, rangi ingalimo. Mama akataka kulitupa.

"Acha, Mama," nikasema. "Wakati wa vita hatufuji mali."

Jumapili, mji mzima ukiwa kanisani kuomba ushindi, tumbo likaniuma. Likanipeleka moja kwa moja kwa Pruitt. Mlango wake wa mwaloni uliinywa rangi kwa kiu. Kizingiti nikampakia bure.

Watu walipotoka ibadani wakajaa pale.

"Uhuni huu! Mimi ndiye mwenyekiti!" Pruitt akafoka.

Makamu wake, Wendell Sowers, aliyekimezea mate kiti hicho siku nyingi, akakohoa. "Harlan Pruitt, si wewe uliyesema rangi haikosei mlango?"

"Babu yangu alipigana vita vya Kaskazini na Kusini!"

"Upande upi, wa serikali au wa waasi?" mtu akauliza.

Pruitt akashika kitasa aingie ndani. Wakamkokota uwanjani.

Nikajitolea kushika bendera.

"Wewe, binti wa Mjerumani?" Sowers akashangaa.

"Sisi tumeshabusu, Bwana Sowers. Ambaye hajabusu ni huyu."

Wakaangua kicheko, nikapewa. Pruitt akapiga magoti. Nikaishusha bendera, nikaishusha tena.

"Chini kidogo, Bwana Pruitt. Mbona mikate yetu ulikuwa unaifikia?"

Kofia yake ikaanguka. Baba, na moyo wake ule wa unga, akainama aiokote. Kiatu changu kikamtangulia.

Hapo Pruitt akaona, karibu kabisa na pua yake, tone la njano kwenye ngozi ya kiatu changu. Akaniinulia macho. Akafungua mdomo.

Angeweza kupiga kelele. Lakini ingembidi kwanza akiri, mbele ya mji wote, kwamba rangi hukosea mlango.

Nikamsubiri.

Akabusu.