Bendi Mbadala

Kinyozi alikuwa na hamu moja tu: kusikia wimbo aliotunga yeye ukitoka mdomoni mwa mtu mwingine. Hata mtu mmoja. Mwenyewe alishauimba mpaka wateja wakaanza kuhamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara.

Bendi ilikuwa ya watu watatu. Yeye alishika gitaa na kuimba. Jirani yake Fundi, mchomelea mageti, alitwanga ngoma utadhani geti limegoma kufunguka. Besi ilikuwa ya Shangazi, ambaye kwa umri Kinyozi alimzidi miaka minne, lakini damu ni damu: kila mazoezi yalianza kwa shikamoo, naye Shangazi akajibu marahaba kwa madaha, anatafuna karanga.

Walipiga roki. Si ile iliyozoeleka, ile nyingine, roki mbadala. Basi Kinyozi akaandika kwenye kioo cha duka lake, kwa rangi nyekundu: BENDI MBADALA. Wanasema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi; huyu alijikwaa kwa herufi kubwa.

Maana nani aite mbadala wakati wenyewe wapo? Miezi ikapita. Ukumbi pekee waliopata, watu walikaa na soda zao wakiulizana, "Jamani, bendi yenyewe inafika saa ngapi?"

Kisha Fundi akapata kazi ya mbali, kwenye kiwanda cha meli. Anaondoka Jumatatu. Bila ngoma hakuna bendi, na wimbo ungekufa hivi hivi. Kinyozi akampa mkono wa heri, akarudi dukani, akanyoa watu wawili vibaya. Roho ilimuuma, asikudanganye mtu.

Jumamosi mchana akaingia muuguzi anahema. Matroni wao anastaafu, sherehe ya kumuaga ni leo, na bendi waliyoikodi gari limewafia njiani.

"Nyinyi si ndio bendi mbadala?"

"Ndio sisi!" akadakia Shangazi kutoka kwenye benchi la wateja.

Ukumbini, Matroni, mwanamke wa miraba minne, akawakagua toka juu hadi chini. "Nyimbo za kuagana mnazijua?"

"Hatuzijui, mama," alijibu Kinyozi. "Tuna zetu."

"Makubwa! Haya, pigeni hizo zenu, ila zisiwe ndefu."

Kinyozi akainamia gitaa, akanong'ona. "Shangazi, wakituzomea?"

"Kuzomewa hakujaua mtu, mwanangu. Piga."

Wimbo wenyewe aliutunga akiwa kazini, kwa maneno anayowaambia wateja kutwa nzima: "Tulia, usitikisike! Haiumi, ni kidogo tu!" Ubeti wa kwanza, watu walitulia kama maji ya mtungi. Kiitikio kilipofika, sauti ikapasuka huko nyuma: "Weee! Si maneno yetu hayo!"

Basi tena. Wauguzi wote, ambao maisha yao ni sindano na maneno hayo hayo, wakainuka. Matroni akavua viatu. Bendi ya kukodiwa ilipowasili hatimaye, ikaambiwa ikae kwanza, ingoje. Kila mtu ukumbini alimwamuru mwenzake atulie, na hakutulia hata mmoja.

Ila Fundi, kwa furaha, alitwanga ngoma kuliko siku zote. Kinyozi aliona midomo ikifunguka na kufungika. Sauti hakusikia hata moja. Jumatatu Fundi akaondoka, na bendi ikaishia hapo.

Mwaka uliofuata Kinyozi akakanyaga msumari wenye kutu, akaenda hospitali kuchomwa sindano. Muuguzi alikuwa binti mgeni, hawajuani kabisa. Akamwambia alale kifudifudi, akaanza kuandaa dawa huku anaimba polepole, kama mtu anayefua nguo zake: "Tulia, usitikisike..." Hakukosea popote, hata pale juu ambapo Kinyozi mwenyewe alikuwa akipafikia kwa taabu.

"Dada, wimbo wa nani huo?"

"Wa hapa hospitali, kaka. Sisi tumeukuta tu."

Kinyozi akaficha uso kwenye mto. Mabega yalimtikisika, machozi yakamtoka, kicheko kikamkaba.

"Jamani, pole kaka," alisema binti. "Mbona hata sijachoma?"