Masufuria ya Bernadeta

Aliyemwibia Bernadeta hakuwa mtu wa kuvunja dirisha. Alikuwa Gervas, mfanyakazi wake wa miaka sita, mtu wa kwao Masasi, aliyekuwa akimwita mama na kujua hata sufuria gani lina sikio bovu.

Bernadeta alikuwa anakodisha masufuria ya shughuli pale Tandika, yale makubwa ya kupikia pilau ya watu mia. Tangu mumewe afariki, hayo ndiyo yaliyosomesha watoto. Siku aliyokwenda Masasi kuzika, Gervas aliyapakia yote kumi na moja kwenye gari, akafunga mlango vizuri, na ufunguo akamwachia jirani. Ufunguo huo ndio uliomuuma Bernadeta kuliko kitu chochote.

Kituo cha polisi Temeke aliambiwa gari halina mafuta. Aliporudi, mpelelezi yuko kozini. Mara nyingine jalada halionekani. Alikwenda na kurudi mpaka muuza chai wa nje ya kituo akawa anamsalimia kwa jina.

Aliyeyaona masufuria ni yule jirani, Hamida, alipoalikwa harusi Manzese. Yalikuwa yamepakwa rangi ya kijani chini kote, lakini rangi haiwezani na kuni. Yalipopinduliwa yaoshwe, rangi ilikuwa imebabuka, na chini yake kuna misalaba mitatu iliyogongwa kwa msumari, alama ya Bernadeta. Hamida akauliza ni ya nani. Akajibiwa ni ya bosi Gervas, na Jumamosi ijayo ana shughuli nyingine mtaa wa pili.

Bernadeta akakimbilia kituoni na habari hiyo. Afande Wilbert, mpelelezi, hakuinua hata macho kwenye simu. "Manzese si eneo letu, mama. Ukimpata, mlete mwenyewe."

"Kasema tumlete?" Hamida alicheka. "Basi tutamleta. Ila mtu kama yule hapelekwi hivihivi, shoga yangu. Anasutwa."

Bernadeta alikuwa mtu wa jumuiya na rozari. Wanawake wanaovaa sare ya khanga na kukodi matarumbeta kwenda kumwimbia mtu maovu yake mlangoni kwake, alikuwa akiwaona ni watu wasio na kazi. Safari hii alitaka kusuta kama mwenye kiu anavyotaka maji.

"Nataka aumbuke," alisema. "Nataka asipate hata mtu wa kukodi kijiko kwake."

Jumamosi, walaji walikuwa wameshashiba na Gervas amefika na gari kuchukua vyombo vyake, misalaba imetokeza juani, tarumbeta lilipolia nyuma ya turubai. Watu wakapiga vigelegele wakidhani bibi harusi anatolewa. Wakatokea wanawake ishirini, khanga zote zimeandikwa: ULICHOKULA KWANGU KITAKUTOKEA PUANI. Hamida akaanza kuimba, akataja Masasi, akataja msiba, akataja ufunguo.

Gervas alipiga magoti. "Mama, nisamehe. Ni shetani tu, mama."

"Shetani gani anayemwachia jirani ufunguo?" Bernadeta akamuuliza.

Neno moja lilikuwa limemjaa mdomoni Bernadeta. Angepiga ukelele wa "Mwizi!" pale Manzese, mawe na matairi yangefika kabla ya dua. Tusimfanye Bernadeta mtakatifu: alitamani kulisema, na alitamani sana.

"Panda gari," alisema mwishowe, "au nitalitamka lile neno, na mie na wewe tunalijua."

Wanawake wakapakia masufuria, na Gervas akapanda. Wakamkalisha katikati ya masufuria, matarumbeta yakipulizwa masikioni mwake kutoka Manzese mpaka Temeke. Njia nzima watu walipunga mikono. Kwenye foleni mama mmoja akauliza, "Jamani, bwana harusi mbona analia?"

"Anamuogopa mkwe," Hamida akajibu. "Wapulizaji, mwongezeeni!"

Walipofika kituoni, Gervas aliruka mwenyewe na kukimbilia ndani. "Afande, niwekeni mahabusu! Nimeiba mie, niwekeni!"

Jalada lililopotea miezi minne likaonekana palepale. Wilbert aliandika, akamwingiza Gervas, kisha akatoka akijifuta jasho.

"Asante, mama. Umetusaidia sana. Sasa masufuria yanabaki hapa, ni vielelezo. Kesi ikiisha utayachukua."

"Itaisha lini?"

"Tutakupigia."

Bernadeta alimtazama. Hasira yote aliyomwekea Gervas ikahama, ikatua kwa mtu huyu, na hapo akajua kwamba huyu ndiye aliyekuwa na deni lake siku zote.

"Hamida," aliita, "ule mzigo mwingine."

Hamida akaufungua. Kumbe siku aliyokwenda Kariakoo kununua khanga, alinunua sare za aina mbili. Wanawake wakajifunga khanga mpya juu ya zile za kwanza: MWENYE MACHO HAAMBIWI TAZAMA.

Bernadeta akalipindua sufuria lake kubwa kuliko yote mbele ya dirisha la Wilbert, akalikalia, akainua mkono. Matarumbeta yalikuwa yamekodiwa mpaka magharibi, na ndiyo kwanza saa tisa.