Besi ya Mama Pacha

Gitaa la besi la mke wangu nililivunja mimi. Naanza na hilo kwa sababu kwa mwaka mzima na miezi miwili lilinishinda kulisema, na mtu anayenisikiliza leo hana sababu ya kungojeshwa kama alivyongojeshwa yeye.

Mimi ni fundi cherehani. Nafanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yetu: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu cha wateja, na ukutani msumari mmoja mkubwa, imara kuliko yote, ambao mke wangu aliutwaa siku tulipohamia akatundika gitaa lake. Jumamosi alikuwa akilishusha kwenda kupiga na bendi yake kwenye maharusi. Wateja wakiniuliza lile ni la nani, nilikuwa nawajibu ni la bosi.

Siku hiyo bosi alikuwa sokoni. Suti ya bwana harusi ilihitaji mahali pa juu isikunjike, nami nikaona mwenye haraka ni bwana harusi, gitaa linaweza kusubiri. Nikalishusha, nikaliegemeza kwenye kona, na nilipogeuka kuchukua pasi, waya wa pasi ukalikumba. Lilianguka kifudifudi kwenye sakafu ya saruji. Shingo ikavunjika karibu na kichwa, na nyuzi zikabaki zinaning'inia.

Mama Pacha aliporudi nilimwambia limeanguka lenyewe. Nikatia chumvi kwamba ule msumari umelegea, nilikuwa na wasiwasi nao siku nyingi. Alitua kikapu, akatazama vipande, akatazama ukuta, akasema, "Haya." Kisha akaenda jikoni kupika.

Angenifokea ningemfokea, hilo naliweza sana, na mambo yangeisha kabla chakula hakijaiva. Lakini ile "haya" yake haikuwa na pa kushikia. Wenzake wa bendi walikuja mara mbili kumwuliza, baadaye wakatafuta mpigaji mwingine. Jumamosi akawa anakaa nyumbani anakunja nguo ambazo zimeshakunjwa. Tuliongea, naam. Tuliongea habari za pacha wetu ambao wameshaoa na kuhamia mbali, habari za mvua, habari za bei ya uzi. Tulikuwa na adabu kama wageni wawili kwenye nyumba ya mtu mwingine, na mimi adabu ile ilinichosha roho. Nilimtaka mke wangu. Nilitaka anisamehe, ila bila ya mimi kuomba.

Hapo ndipo nilipopata wazo langu. Mke wangu ni mashoto. Alipoanza kujifunza akiwa msichana, gitaa lililokuwepo lilikuwa la kawaida, la watu wa mkono wa kulia, basi akaligeuza tu likaelekea upande wa pili, uzi mnene ukawa chini na mwembamba juu, na hivyo ndivyo alivyopiga miaka yote. Wanamuziki wenzake walimtania kwamba anasoma gazeti kichwa chini. Mimi nilikuwa namwonea huruma, maana nilishamwona akihangaika na mikasi yangu. Nikajiambia nitamtafutia gitaa lililotengenezwa kwa ajili ya mkono wake, na siku akilishika atasahau lile la kwanza na habari zake zote.

Tangazo nililiona mchana mmoja nikila, mkono mmoja kwenye sahani na mwingine kwenye simu. Gitaa la besi, limetengenezwa kwa mkono, limetumika, linauzwa. Muuzaji alikuwa seremala wa mji wa mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Picha ilikuwa moja. Mzee mwembamba mwenye shati la mistari alikuwa amesimama mbele ya rundo la fremu za madirisha, amelivaa gitaa kwa mkanda, na shingo ya gitaa imeelekea upande uleule ambao mke wangu alikuwa akielekeza la kwake. Tena uzi mnene ulikuwa juu, mahali pake. Nusura nipaliwe. Huyu alikuwa mashoto mwenzake, na gitaa la mashoto, na bei ya kuzungumzika.

Nikaikuza picha, nikaikagua kama ninavyokagua kazi ya fundi mwingine. Mbao ilikuwa na rangi ya chai nyeusi, viungo vimebanana vizuri. Kitu kimoja tu kilinikera, nacho ni lile shati. Lilikuwa shati la kiume, kola ya kiume, lakini vifungo vilikuwa upande wa kike, na hata mfuko wa kifuani ulikuwa kulia. Nikamsikitikia mzee wa watu. Nikasema aliyemshonea alikuwa anasinzia, au ndiyo kwanza anajifunza. Ilinijia kwenye ulimi nimwambie, lakini humwambii mtu shati lake limekosewa wakati unataka akupunguzie bei.

Nilimpigia. Alikuwa na sauti ya taratibu, ya mtu ambaye hajawahi kukimbilia basi. Alinieleza kwamba alilitengeneza mwenyewe miaka ishirini na miwili iliyopita, kwa mbao za mlango wa ghala lililokuwa linabomolewa, akalipiga kwenye bendi ya mjini kwao mpaka viungo vya vidole vikaanza kuvimba. Mpaka sasa anaweza kupiga randa kutwa nzima, lakini kubonyeza uzi hawezi. Nilimwuliza kwa nini asilibakize kwa kumbukumbu. Akasema likikaa bure linamsuta.

Tulielewana upesi, fundi kwa fundi. Mimi nilimwomba vipimo, naye akanipa hadi nusu inchi: urefu wote, upana wa shingo kule kichwani, upana wake inapokutana na kiwiliwili. Ikabaki kumpima mwenye mkono. Nilimdanganya mke wangu kwamba namshonea blauzi, nikampima kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mkono, kisha kiganja, kisha kidole kimoja kimoja. Alinyoosha vidole huku ananitazama, akauliza tangu lini blauzi ikahitaji urefu wa kidole cha shahada. Nikamwambia ni mtindo mpya. Ikabidi blauzi niishone kweli, na ilimkaa vizuri.

Neno mashoto halikunitoka kinywani hata mara moja nilipoongea na yule mzee. Mke wangu amechoka kuulizwa habari za mkono wake na kila anayemwona anaandika au anakata kitunguu, nami nilidhani mzee naye amechoka hivyohivyo. Niliona ni ustaarabu kunyamaza. Na kitu nilichokiona kwa macho yangu sikuona haja ya kukiuliza.

Mzee akalilegeza nyuzi ili shingo isivutwe njiani, akaliundia kasha la mbao nyembamba, akalijaza maranda, akalipakia. Siku zote ambazo kasha lilikuwa barabarani alinipigia asubuhi kuuliza kama limefika, kama baba aliyemwoza binti yake mbali.

Lilifika Jumatano, kabla ya saa sita, likisukumwa kwa toroli na mtu wa ofisi ya vifurushi. Mke wangu alikuwa mezani anashona vifungo vya sare. Nikamkabidhi bisibisi, nikamwambia hili ni lako, fungua mwenyewe. Alifungua skrubu moja baada ya nyingine bila kuuliza kitu. Maranda yalimwagika juu ya kitambaa cha mteja na mimi sikusema neno, na wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo.

Alilitoa kwa mikono miwili. Alipitisha kiganja kwenye ile mbao kutoka juu hadi chini, akafumba macho. Nikajisemea moyoni, yamekwisha. Kisha akalivaa, akalielekeza upande wake, na uzi mnene ukawa chini.

Nilidhani amelivaa vibaya. Nikamwambia aligeuze. Akaligeuza, likakaa sawasawa kabisa, kama linavyomkaa mtu yeyote wa mkono wa kulia. Nikatoa simu haraka nikamwonyesha picha. Aliitazama kidogo tu.

"Huyu amejipiga mwenyewe," akasema. "Kamera ya mbele hiyo, inageuza kama kioo. Hukuona vifungo vyake?"

Niliviona. Na mfuko niliuona. Miaka thelathini nasimama nyuma ya wateja mbele ya kioo kile kirefu, nawaelekeza mkono upi ni upi, na badala ya kuishuku picha nikamshuku fundi mwenzangu. Lakini aibu kwangu mimi haikai sana, hugeuka hasira. Nikampigia seremala palepale, nikaweka sauti ya juu ili mke wangu asikie ninavyompigania. Nikamwambia ametuuzia kitu sicho, picha yake imetupotosha, mke wangu ni mashoto, sasa hili alifanyie nini. Mzee aliningoja nimalize.

"Kosa ni langu, fundi," akasema. "Hapa niko peke yangu, sina wa kunipiga picha, nikajipiga. Sikujua kama inageuza. Nirudishie, gharama ya kulirudisha ni juu yangu. Na umpe mama pole."

Alisema hivyo moja kwa moja. Na kosa lenyewe wala halikuwa lake. Hakuna aliyemwuliza, hakuna aliyemweleza, na aliyenidanganya ni macho yangu mwenyewe. Lakini alijitwika bila kusukumwa, mtu asiyetujua, kwa sauti yake ileile ya taratibu. Mimi nilikuwa nimesimama na simu mkononi, na maneno yale matatu ya mwanzo yalikuwa yamenishinda kwa miezi kumi na minne, tena mbele ya mtu ninayekula naye sahani moja.

Hasira ikanitoka yote. Ikabaki aibu peke yake, na safari hii haikugeuka kitu kingine. Nikainamia yale maranda sakafuni.

"Mama Pacha," nikasema. "Lile la kwanza nililivunja mimi. Nililishusha nikatundika suti ya bwana harusi. Nikaliegemeza vibaya, waya wa pasi ukaliangusha. Msumari haukuwa na kosa."

"Najua," akasema.

Nikamwuliza tangu lini.

"Tangu niliposimama pale mlangoni. Suti ilikuwa inaning'inia kwenye huohuo msumari uliosema umelegea."

Nikavuta kiti nikakaa. Nikamwuliza kwa nini basi alininyamazia muda wote ule. Alikuwa bado amelivaa gitaa, na machozi yalikuwa yanamtoka, anayafuta kwa kipande cha bitana alichokiokota mezani.

"Gitaa ni mbao, Baba Pacha, mbao ningepata nyingine," akasema. "Lakini kila nikitaka kupiga nakumbuka kwamba ulinidanganya huku unanitazama usoni, na mimi nikaitikia. Nikawa nangoja useme. Wewe ukaenda kununua gitaa zima, ukanipima mpaka vidole, ili usiseme."

Nilimwambia naomba unisamehe. Nikalia, mzee mzima, mbele ya sare za shule ya watu. Alinisogelea akaniwekea mkono begani, mkono wake wa kushoto, na nilihisi uzito wake wote.

Simu ikakohoa. Seremala alikuwa bado yuko hewani. Akaomba radhi, akasema hakujua kama ni adabu kukata au ni adabu kubaki, na akauliza kwa upole turudishe lini. Mke wangu alinipokonya simu. Akamwambia halirudi. Akamweleza kwamba vidole vyake vilijifunza kwenye gitaa la namna hii, likiwa limegeuzwa hivihivi, na angeletewa la mashoto angeanza upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Miaka yote ile nilimwonea huruma kwa jambo ambalo halikuwa linamuuma hata kidogo, na sikuwahi kumwuliza.

Akamwomba mzee asikate kwanza. Mimi akaniamuru nitoe spika yake, ambayo nilikuwa nimeigeuza kiti cha wateja na kuishonea hadi mto. Nikaiburuta mpaka katikati ya chumba, nikachomoa pasi, nikachomeka spika. Alikaza nyuzi polepole, sikio karibu na mbao, mpaka zote nne zikakubaliana. Noti ya kwanza niliisikia miguuni kabla haijafika masikioni. Kwenye simu mzee alisema yeye anasikia vidole tu vikikwaruza, simu haibebi sauti nzito kama ile, lakini hata hivyo amelitambua, na akashukuru.

Mke wangu akapiga kidogo, akazituliza nyuzi kwa kiganja, akanitazama. Akasema nirudie yale niliyosema, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa naiambia sakafu. Nikainua uso. Nikayarudia yote, kuanzia suti mpaka waya wa pasi, nikimtazama machoni, na yeye akawa ananisindikiza polepole kwenye ule uzi mnene.