Wimbo wa Kukamua Mashuka

Msimamizi wa chumba cha kufulia alikuwa na msimamo mmoja: wimbo wa mama yake hauguswi. Zamani mashuka ya hospitali yalikamuliwa na wanawake wawili wawili, huyu akisokota huku, yule kule, na wimbo ule ndio uliowapa mwendo.

Ikaja mashine ya kukamua. Nani angesokota tena? Wasichana wakauhamishia wimbo kwenye meza ya kukunjia, wakaukimbiza, wakatia na maneno yao ya kutaniana. Msimamizi akawaka.

"Mnauua. Utaimbwa kama mama alivyouacha, la sivyo siuongozi tena."

"Dada, kwa mwendo ule tutakunja mpaka kesho," alisema Kicheko, mfupi wa kimo, mrefu wa ulimi.

Lakini mwenye kichwa kigumu hasikii la mtu. Akaenda kumleta mama mwenyewe, aje awape vidonge vyao. Bibi akakalishwa kando ya meza, wasichana wakaimba kwa woga, naye akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama, waambie."

"Niwaambie nini? Na mimi niliutoa kwa watwanga nafaka, nikauleta huku kwenye mashuka. Walinitukana wee, mpaka wakachoka." Akamgeukia Kicheko. "Hebu lete shuka."

Akakunja hapo hapo alipokaa, akaimba kwa mwendo wa wasichana ubeti ambao hakuna aliyewahi kuusikia:

*Binti yangu namjua, ufunguo kiunoni,*
*wimbo ameufungia, kama nguo sandukuni.*

Watu hoi kwa kicheko. Msimamizi uso ulimwiva. Iliuma, tena iliuma kwelikweli, kuumbuliwa na mama mzazi mbele ya wadogo zake kazini. Na pale mezani aliyetajwa hujibu papo hapo kwa ubeti wake, akinyamaza, amekubali. Yeye miaka yote aliongoza, ila hakuwahi kutunga hata mstari mmoja. Aliogopa, basi.

Kiitikio kikapita mara moja, kikapita tena. Wote wanamtazama yeye.

"Mwacheni jamani," mama yake akaanza kumwonea huruma.

"Subiri, mama. Ni zamu yangu."

Akakamata pindo la shuka. Sauti ilitoka na mikwaruzo, lakini ilitoka:

*Mama kweli nimetunza, kwa hofu ya kuharibu,*
*na leo ndio naanza, kwa makosa nitajibu.*

Aliyeitikia wa kwanza alikuwa mama yake.